Andikeni Barua, Wazee Warudi

Januari 2023 taasisi ya Berlin inayotunza mafuvu ya watu wa Afrika Mashariki ilitamka hadharani kwamba iko tayari kuyarudisha mara moja, na kwamba inasubiri neno kutoka nchi yalikotoka. Septemba mwaka huohuo ikatangaza kuwa mafuvu matatu yamepatiwa ndugu zao walio hai hapahapa Tanzania, kwa kipimo cha vinasaba. Tarehe 1 Novemba, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani akasimama Songea mbele ya wajukuu na vitukuu wa walionyongwa wakati wa vita vya Majimaji, akaomba msamaha, akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu la mmoja wao, Nduna Songea Mbano. Kila mtu keshasema la kusema. Kilichobaki ni kuona masanduku yanashushwa uwanja wa ndege.

Ukiambiwa mzigo wako umefika ofisi ya basi, huitishi kongamano la wadau. Unachukua kitambulisho, unapanda daladala, unaufuata. Sisi tunapenda kongamano. Kikao cha wataalamu, warsha ya wadau, ujumbe unaokwenda, ujumbe unaokuja, na mwisho wa yote tunaambiwa mazungumzo yanaendelea vizuri. Hatuna ugomvi na mazungumzo. Tunauliza tu yanahusu nini, maana aliyeyashika mafuvu anasema chukueni, na wenye wazee wao wanasema tunawataka.

Tujue kwanza tunazungumzia watu wangapi. Mwaka 2011 taasisi hiyo, Taasisi ya Urithi wa Utamaduni wa Prusia, ilikabidhiwa na hospitali ya Charité ya Berlin maelfu ya mafuvu yaliyokusanywa enzi za ukoloni. Watafiti, pamoja na wenzao wa Rwanda, wakachambua 1,135 yaliyotoka katika ile iliyoitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Zaidi ya 900 yalionekana kuwa ya Rwanda, kama 200 ya Tanzania, na ishirini na kitu ya Kenya. Hiyo ni taasisi moja katika mji mmoja. Vyuo vikuu na makumbusho ya miji mingine ya Ujerumani nayo yana makabati yake.

Wengi wa watu hao hawana majina. Wana namba, na maandishi ya wino kwenye mfupa: jina la mahali, pengine jina la kabila, mara chache cheo. Mmoja wa wale watatu waliopatiwa ndugu alikuwa akida, mshauri wa Mangi Meli, chifu wa Old Moshi. Wengine wawili nao ni Wachagga. Familia zao zipo. Zina simu, zina mashamba, zina watoto shuleni. Hapa hakuna fumbo la kihistoria la kusubiri kizazi kijacho cha maprofesa.

Walifikaje huko? Hilo halikuwa bahati mbaya ya vita. Ilikuwa kazi, ilikuwa na bosi wake, na ilikuwa na utaratibu wa barua. Felix von Luschan, daktari Mwaustria aliyefanya kazi kwenye makumbusho ya Berlin, aliwaandikia maofisa wa jeshi, madaktari na wasafiri waliokuwa makoloni akiwaomba wampelekee vichwa. Wakampelekea. Vilitoka kwenye viwanja vya vita, chini ya miti ya kunyongea, kwenye hospitali na makaburini. Vilisafishwa, vikafungwa, vikapakiwa melini kama shehena nyingine yoyote. Huko vilipimwa kwa rula na kwa koleo, urefu na upana wa fuvu, ili ipatikane hesabu ya nani ni mtu wa aina gani.

Rwanda ndiyo iliyotoa wengi, na sababu inajulikana. Mwaka 1907 na 1908 msafara wa Duke Adolf Friedrich wa Mecklenburg ulipita kwenye maziwa makuu, na ndani yake alikuwemo mwanaanthropolojia Mpoland, Jan Czekanowski. Ni yeye aliyeondoka na mafuvu yapatayo elfu moja, mengi yakiwa ya Rwanda. Vipimo vya aina hiyo vikazaa vitabu, vitabu vikazaa nadharia kwamba Mtutsi na Mhutu ni mbari mbili tofauti. Miaka ya 1930 Wabelgiji wakaichukua nadharia hiyo na kuigonga mhuri kwenye kitambulisho cha kila mtu mzima. Wanyarwanda hawahitaji tahariri yetu kuwaambia kilichofuata.

Luschan mwenyewe, baada ya kupima vichwa maisha yake yote, aliandika mwaka 1922 kwamba binadamu wote ni jamii moja tu. Alihitaji maelfu ya vichwa vya watu kujua jambo ambalo bibi yako angemwambia bure.

Wapo watakaosema hayo ni ya zamani, tuwaachie wanahistoria. Tuone basi ni ya zamani kiasi gani. Mwaka 1884 Mjerumani Carl Peters alipita Usagara na jirani zake akiwa na karatasi za Kijerumani, akawafanya machifu waweke alama chini ya maneno wasiyoweza kuyasoma. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya mkutano wa Berlin kufungwa, Kaiser akampa hati ya ulinzi juu ya nchi ambayo hajawahi kuiona. Pwani ikakataa mwaka 1888. Kiongozi wake, Abushiri bin Salim, akanyongwa Pangani Desemba 1889. Wahehe wakakataa Lugalo mwaka 1891. Ikaja kodi ya kibanda, ikaja pamba ya lazima, wakaja maakida na viboko vyao, na Julai 1905 kusini ikaanza kuwaka: vita vya Majimaji. Tarehe 27 Februari 1906, mjini Songea, wanaume 67 walinyongwa siku moja. Tangu hati ya Kaiser mpaka kamba za Songea ni miaka 21 kamili, siku kwa siku.

Na kamba ndiyo iliyoua wachache. Wajerumani walipoona risasi hazimalizi kazi waligeukia chakula. Walichoma ghala, wakachoma mashamba, wakachukua mifugo, wakaacha njaa iwamalizie. Makadirio ya wanahistoria yanafika watu 250,000 hadi 300,000 waliokufa katika vita vya Majimaji, na wengi wao hawakuguswa na risasi. Sehemu kubwa ya kusini ikabaki pori. Tembo wakarudi, mbung'o wakarudi, na baadaye sehemu ya pori hilo ikaingizwa kwenye hifadhi ya Selous. Mtalii anapiga picha mahali ambapo palikuwa na vijiji.

Kwa hiyo mtu anapotuambia mafuvu ni suala la makumbusho, anatuelewa vibaya kwa makusudi. Ni suala la mazishi. Nenda Old Moshi, Tsudunyi, uone mti unaosemwa kuwa ndio alionyongewa Mangi Meli tarehe 2 Machi 1900 pamoja na wenzake 18. Familia yake inaamini kichwa kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mjukuu wake alizeeka akikitafuta, akatoa sampuli ya mwili wake ipimwe, na mpaka leo fuvu la Meli halijaonekana. Mchagga anazikwa kwenye kihamba chake. Zamani wazee waliotangulia walihifadhiwa palepale kwenye masale, karibu na migomba, wakasemeshwa na kumwagiwa mbege. Ndiyo maana baadhi ya mafuvu ya Wachagga yalikuwa rahisi kuchukuliwa: mzungu hakuhitaji hata jembe. Kwa familia kama hiyo, mzee aliye kwenye kabati Berlin hajafa vizuri. Haijamaliza matanga.

Turudi kwenye visingizio, kwa sababu tumevisikia vya kutosha.

Kinachosikika zaidi ni kwamba haijulikani fuvu lipi ni la nani. Kwa mengi ni kweli, lakini kwa matatu si kweli tena, na hayo matatu yangetangulia. Anayesubiri mpaka yote 200 yapate majina ndipo aanze kurudisha la kwanza, hataki kurudisha. Hayo mengine yana jina la mahali lililoandikwa juu yake kwa wino. Kama limeandikwa Moshi, lirudi Moshi. Wenyeji wa huko watajua la kufanya na mzee asiye na jina kuliko mtunza kabati wa Berlin. Wanyuzilandi walilimaliza swali hili zamani. Tangu mwaka 2003 serikali yao ina mpango rasmi, unaoendeshwa na makumbusho ya taifa ya Te Papa, wa kuwarudisha Wamaori na Wamoriori kutoka ng'ambo, na wamekwisha kurudisha mamia. Wasiojulikana wanatoka ukoo gani wanahifadhiwa mahali patakatifu palipotengwa ndani ya makumbusho hayo mpaka ukoo upatikane. Hakuna aliyewaambia wasubiri kwanza uhakika wa asilimia mia.

Wengine wanasema mifupa ilipuliziwa dawa za kuua wadudu, baadhi zina arseniki, kwa hiyo ni hatari. Vaeni glavu. Hospitali zetu zinashughulika na maiti kila siku.

Halafu wapo wanaouliza yatawekwa wapi. Swali hili linatuudhi kidogo. Nchi yenye hekta zaidi ya milioni 88 za ardhi inauliza mahali pa kuzika watu 200?

Kile ambacho hakisemwi kwa sauti ni hofu ya fidia. Ujerumani inaogopa kwamba ikikabidhi sanduku leo, kesho itakabidhiwa hati ya madai. Ilichukua miaka mingi kukubali kuyaita mauaji ya Waherero na Wanama ya 1904 hadi 1908 kwa jina lake, na ilipokubali mwaka 2021 na kuahidi Namibia euro bilioni 1.1 kwa miaka 30, ilihakikisha neno fidia halionekani kwenye karatasi. Waherero na Wanama wengi wakaikataa karatasi hiyo, na tunawaelewa. Upande wetu nao tunahisi wapo wanaopiga hesabu kwamba mafuvu ni karata nzuri ya kushika mpaka fedha zipatikane. Kama yupo mwenye hesabu hiyo, tunamwambia wazi: ni hesabu ya aibu. Madai ya ardhi iliyochukuliwa, mashamba yaliyochomwa na watu waliouawa yana uzito wake, na tunaunga mkono yasimamiwe hadi mwisho. Lakini maiti hawekwi rehani. Hakuna familia Tanzania inayoacha kumzika mtu wake kwa sababu kesi ya mirathi haijaisha.

Sasa tuseme la Mkwawa, kwa sababu linaonyesha kwamba jambo hili linawezekana na kwamba lilishafanyika.

Mtwa Mkwawa wa Wahehe aliwapiga Wajerumani Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, akamuua kamanda wao Emil von Zelewski. Ngome yake ya Kalenga ilianguka mwaka 1894, akaingia porini, akapigana miaka minne zaidi. Julai 1898, akikaribia kukamatwa, akajipiga risasi. Kichwa chake kikakatwa. Vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha, Waingereza wakalichomeka suala hilo ndani ya Mkataba wa Versailles wa 1919. Kifungu cha 246 kiliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Mkwawa ndani ya miezi sita. Mkataba ulioumba upya ramani ya Ulaya ulikuwa na sentensi moja juu ya kichwa cha mtu wa Iringa, na ulikuwa na tarehe ya mwisho. Ujerumani ikasema haijui liko wapi. Miezi sita ikawa miaka 34.

Aliyemaliza hakuwa kamati. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen mwaka 1953. Hapakuwa na kipimo cha vinasaba. Alitumia vipimo vya kichwa vya ndugu wa Mkwawa akavilinganisha na mafuvu ya Afrika Mashariki yaliyokuwepo, na moja likawa na tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 akalikabidhi Kalenga kwa mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi, yuleyule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu. Mpaka leo lipo Kalenga, na watoto wa shule wa Iringa wanapelekwa kuliona.

Tunajua kasoro za kisa hicho. Wapo wanaotia shaka kama fuvu ni lenyewe. Twining hakusukumwa na huruma peke yake; Kenya ilikuwa inawaka moto wa Mau Mau, na gavana alitaka Wahehe wawe upande wake. Hata hivyo gavana wa kikoloni, akiwa na rula mkononi na hesabu zake za kisiasa, alifanya kwa safari moja kitu ambacho serikali huru yenye maabara ya vinasaba haijakifanya. Hilo ndilo linalotukera.

Wenzetu nao wanaendelea. Namibia ilipokea mafuvu ya kwanza kutoka Berlin mwaka 2011, ikapokea tena 2014 na 2018. Ufaransa iliirudishia Algeria mafuvu 24 Julai 2020, ikatunga sheria ya mabaki ya binadamu mwaka 2023 ili kila safari isihitaji Bunge, na mwaka 2025 ikaikabidhi Madagaska fuvu linaloaminiwa kuwa la Mfalme Toera wa Wasakalava, aliyeuawa na jeshi la Wafaransa mwaka 1897. Ubelgiji iliwakabidhi watoto wa Patrice Lumumba jino la baba yao Juni 2022, ndicho kitu pekee kilichobaki cha mwili wake. Ubelgiji hiyohiyo bado ina deni kwa watu wa magharibi ya Ziwa Tanganyika: Desemba 1884 watu wa luteni Émile Storms walimuua Chifu Lusinga wa Watabwa, wakamkata kichwa, na fuvu lake likaishia Brussels.

Nairobi nayo isikae ikitutazama. Koitalel arap Samoei, orkoiyot (kiongozi wa kiroho) wa Wanandi, aliitwa kwenye mazungumzo ya amani tarehe 19 Oktoba 1905, na ofisa wa Kiingereza Richard Meinertzhagen akampiga risasi. Wanandi wanasema kichwa chake kilichukuliwa Uingereza. Mwaka 2006 marungu yake yalirudishwa na mtoto wa Meinertzhagen mwenyewe. Mtu binafsi alipekua nyumba ya baba yake, akaona kisicho chake, akakirudisha. Makumbusho yenye wanasheria na wahasibu yanaweza kujifunza kitu hapo.

Kuna wanaopenda kuanza na mjusi, yaani dinosaria. Mifupa ya Tendaguru, Lindi, iliyochimbwa kati ya 1909 na 1913 na kubebwa vichwani na wapagazi hadi bandarini, imesimamishwa Berlin kwa urefu wa zaidi ya mita 13, na kila baada ya muda mbunge husimama kuuliza atarudi lini. Ni swali halali. Lakini mjusi amekaa miaka milioni 150; anaweza kusubiri foleni. Wenye ndugu wanaozeeka waanze.

Tusiwanyime Wajerumani haki yao. Agosti 2024 Berlin iliondoa jina la Petersallee, lililotolewa awali kwa heshima ya Carl Peters, kwenye barabara ya mtaa wa Wedding, sehemu yake ikaitwa Maji-Maji-Allee. Vijana wengi wa huko, pamoja na Waafrika wanaoishi nao, wamepigania jambo hilo miaka mingi bila kulipwa. Tunawashukuru. Barabara hata hivyo haizikwi.

Kinachotakiwa kifanyike kinaeleweka na mwenyekiti yeyote wa kijiji. Jambo hili kwetu linagusa mambo ya kale, utamaduni, mambo ya nje na afya, na kwa hiyo linamilikiwa na kila wizara na halina mwenyewe. Rais amteue mtu mmoja, mwenye ofisi, simu na bajeti ya mwaka mmoja. Mtu huyo aandike barua rasmi ya kuomba mafuvu matatu yenye ndugu, aombe na orodha kamili ya yale mengine, na barua zipelekwe kwa kila taasisi ya Ujerumani, si Berlin tu. Aandike na New York: Luschan alipokufa mwaka 1924 mkusanyiko wake binafsi wa mafuvu uliuzwa kwa makumbusho ya historia ya asili ya mji huo, na hakuna sababu ya kudhani watu wetu hawamo.

Orodha ikifika isifungiwe kabatini Dodoma, maana kutoka kabati hadi kabati si safari. Ichapishwe kwa Kiswahili, wilaya kwa wilaya, ibandikwe kwenye ofisi za kata, isomwe makanisani na misikitini. Mzee wa Kibosho au Liwale anayejua babu wa babu yake hakurudi aweze kusema, huyu ni wetu. Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali inapima vinasaba vya baba na mtoto waliofikishana mahakamani. Inaweza kuchukua mate ya mjukuu wa mtu aliyenyongwa. Gharama za vipimo, za ndege na za mazishi azibebe aliyeondoka nao. Hilo nalo liwe kwenye barua, mstari wa kwanza, lisiachwe kwenda kujadiliwa kwenye warsha.

Na yakifika, serikali ikae pembeni. Tunawajua watu wetu wa itifaki. Watataka uwanja wa mpira, jukwaa la wageni mashuhuri, gwaride na hotuba sita. Watataka jengo jipya lenye vioo ili mafuvu yatoke kabati la Mjerumani yaingie kabati la Mtanzania. Familia ndizo ziamue. Wanaotaka ibada ya Kilutheri wapate mchungaji, wanaotaka dua wapate shehe, wanaotaka kuchinja mbuzi chini ya masale waachwe wachinje. Ambao familia zao hazitapatikana wazikwe katika nchi waliyotoka, na mila ya huko ifuatwe.

Tunaambiwa kuwa mambo ya kidiplomasia huchukua muda. Tunakubali, tumeshaupitisha huo muda. Mjukuu wa Meli amekuwa mzee akisubiri. Watoto wa wanaokumbuka majina wanahamia mijini, na kila msiba wa mzee mmoja pale Uchagga au Ungoni unaondoka na ukoo ambao ungeweza kulinganishwa na fuvu fulani. Wino kwenye mfupa utadumu miaka mia nyingine. Watu wanaoweza kusoma jina lile na kusema ni la nani hawatadumu.

Kila Februari mashujaa wa Majimaji hukumbukwa Songea, na kila mara mgeni rasmi huja na hotuba. Atakayealikwa tarehe 27 Februari ijayo aje na nakala ya barua, yenye mhuri wa kupokelewa Berlin, aisome pale mbele ya familia. Asipokuwa nayo, abaki ofisini aiandike.